Miksa ikiwaka, rekodi inaanza: jinsi ya kufanya shoo ijirekodi yenyewe

Kama umewahi kukaa nyuma ya miksa unazijua zile dakika tano za mwisho kabla shoo haijaanza. Mpiga gitaa anataka monita iongezwe, mshereheshaji hajui maiki yake inawashwaje, mwenye shughuli amesimama pembeni yako anauliza tunaanza saa ngapi, na katikati ya hayo yote wewe ndo unatakiwa ukumbuke kufungua laptopu, kufungua programu, kuarmu chaneli 32 (kuziweka tayari kurekodiwa) na kubonyeza rec. Mi nilishapoteza shoo nzima hivohivo. Maiki ya mwimbaji ilianza kukata kata, nikakimbia jukwaani kubadilisha betri, narudi bendi ishaanza kupiga, nikashika feda (vile vitelezi vya sauti) na sikukumbuka tena. Saa mbili na nusu za muziki mzuri na hakuna hata sekunde moja iliyorekodiwa. Kesho yake kiongozi wa bendi ananipigia simu anauliza rekodi anaipata lini, sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku hiyo nilikataa kabisa rekodi kutegemea kichwa changu. Watu wengi wakiambiwa kuotomatisha rekodi wanafikiria ratiba, yaani kompyuta ianze saa kumi jioni izime saa nne usiku. Mi sishauri hivo, shoo hazifuati ratiba, saundi cheki inasogea, shughuli inachelewa, na siku ikianza mapema ndo siku utakayolia. Funga rekodi kwenye kitu ambacho hakiwezekani kusahaulika, na kitu hicho ni kuwasha miksa yenyewe. Miksa ikiwa imezima hakuna shoo, ikiwaka rekodi inaanza, ikizimwa rekodi inafungwa. Hakuna kitufe hapo katikati.

Nitaelezea kwa Behringer X32 na Midas M32 kwa sababu ziko nyingi na ndo nazifahamu zaidi, ila njia ni ileile kwa miksa yoyote ya dijitali inayotoa chaneli nyingi kwa USB na Linux inaitambua. XR18 inatoa chaneli 18, SQ za Allen & Heath zinatoa 32, Yamaha TF zinatoa 34. Kitakachobadilika ni majina ya menyu na namba chache.

Vifaa ni hivi: kompyuta ndogo, Raspberry Pi 4 au 5 inatosha kabisa, SSD ya USB, na waya wa USB mzuri usio mrefu sana. Usirekodi kwenye kadi ndogo ya microSD ile yenye mfumo wa Pi. Tupige hesabu uone kwa nini. Chaneli 32, kila moja sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 4, hiyo ni megabaiti 6.1 kila sekunde bila kupumzika, sawa na gigabaiti 22 kwa saa. microSD inaweza kukimbia hiyo spidi kwa muda, tatizo lake ni kwamba kuna wakati inasimama kidogo kujipanga, na ikisimama wewe unapata tundu kwenye sauti. SSD ya terabaiti 1 inakupa kama saa 45 za chaneli 32 na haina hiyo shida. Kwenye Pi 4 ichomeke kwenye tundu la bluu, miksa ichomeke kwenye tundu jeusi, kwa sababu miksa inatumia USB 2.0 tu na haihitaji zaidi. SSD iformati kwa ext4. FAT32 achana nayo, faili likifika gigabaiti 4 linagoma.

Kabla hujagusa kompyuta maliza kwanza kwenye miksa, hapa ndo watu wanakosea na wanakuja kugundua siku ya kumiksi. Nenda Routing halafu Card Out. Pale unachagua nini kiende kwenye kadi ya USB ya miksa kwa mafungu ya chaneli nane nane, na ukichagua ingizo lenyewe, mfano Local 1-8 au AES50 kama una steji boksi (kile kisanduku cha kuchomekea maiki jukwaani), basi sauti inachukuliwa mara tu baada ya priampu, kikuzaji cha kwanza cha maiki. Maana yake gaini (kiasi cha ukuzaji huo) inaingia kwenye rekodi ila feda, ikwalaiza, kompresa na myuti haviingii. Ndivyo unavyotaka, kwa sababu ukikosea feda usiku ule rekodi bado iko safi unaimiksi upya. Lakini gaini ukiipandisha katikati ya wimbo itasikika kwenye rekodi, kwa hiyo gaini imalize kwenye saundi cheki, wastani uwe karibu na desibeli -18 kwenye mita ya miksa na vilele visipite -6, afu baada ya hapo fanya kazi na feda tu. Sampuli ya miksa iweke 48 kHz, inakaa vizuri na video, na namba hiyohiyo ndo utaiandika kwenye kompyuta.

Chaneli mbili za mwisho, 31 na 32, mi naziweka main L na R, yaani mchanganyiko mzima unaokwenda kwenye spika. Firmware (programu ya ndani ya miksa) kuanzia 4.0 ina User Out inayokuruhusu kupanga chaneli moja moja badala ya nane nane, itumie hiyo. Main inakupa kitu cha kusikiliza asubuhi bila kumiksi chochote. Na kama una maiki mbili za ziada ziweke zikitazama watazamaji, ziingize kwenye miksa, rekodi, usizipeleke kwenye spika. Rekodi ya laivu bila sauti ya ukumbi inakuwa kavu kama watu wanapiga kabatini, makofi yanasikika kwa mbali kupitia maiki ya mwimbaji tu, na hakuna plagini itakayokurudishia ile hali ya watu mia tatu wanaitikia kiitikio.

Sasa kompyuta. Weka Raspberry Pi OS Lite, ile isiyo na skrini ya picha. Sababu sio wepesi tu, ile ya kawaida ina PipeWire au PulseAudio ambayo inaikamata kadi ya sauti kabla yako, afu wewe unaambiwa kifaa kinatumika. Chomeka miksa, iwashe, kisha andika:

arecord -l

Utaona orodha ya kadi za sauti. Tuseme jina la kadi yako ni XUSB, mbele ya hapo nitatumia hilo, wewe weka lililotokea kwako. Tumia jina, usitumie namba ya kadi. Namba zinabadilika kulingana na nani amewahi kuamka, leo miksa ni 1 kesho ni 2, jina linabaki palepale. Ukitaka kujua kadi inakubali fomati gani na chaneli ngapi andika hii:

arecord -D hw:XUSB --dump-hw-params -d 1 /dev/null

Inaweza kumalizika kwa kulalamika, usijali, soma mistari ya FORMAT, CHANNELS na RATE iliyotangulia.

Halafu skripti yenyewe, yaani faili la amri, ihifadhi kama /usr/local/bin/rekodi.sh na uipe ruhusa ya kukimbia kwa chmod +x:

#!/bin/bash
arecord -l | grep -q XUSB || exit 1
D=/mnt/rekodi/$(date +%Y-%m-%d_%H%M%S)
mkdir -p "$D"
exec arecord -D hw:XUSB -f S32_LE -r 48000 -c 32 -t wav --max-file-time=300 --use-strftime "$D/%H%M%S.wav"

Mstari wa pili unaangalia kama miksa ipo, kama haipo skripti inatoka kimyakimya, bila huo mstari utaamka asubuhi ukute mafolda elfu moja matupu. Ile 300 ni sekunde, yaani kila dakika tano inafunga faili na kufungua jipya bila kusimamisha rekodi. Kwa nini tano? Dakika tano za chaneli 32 ni kama gigabaiti 1.8. Faili la WAV kwa asili yake haliwezi kuvuka gigabaiti 4, na zipo programu zinazoanza kuchanganyikiwa kwenye 2, kwa hiyo tunakaa chini ya zote mbili. Faida kubwa zaidi ni umeme ukikatika. Kichwa cha faili la WAV kinaandikwa vizuri pale faili linapofungwa, umeme ukikata katikati lile la mwisho linabaki na kichwa kinachodanganya urefu. Kama ulikuwa na faili moja la saa tatu ungetokwa jasho, hapa ni kipande cha mwisho tu ndo kinaumwa, na hata hicho mara nyingi kinapona kwa sox, programu ya kuhariri sauti kwa amri, ukiiambia isiamini kichwa:

sox --ignore-length bovu.wav zima.wav

Sasa hiyo skripti nani anaiita? systemd, ile sehemu ya Linux inayoanzisha na kusimamia programu. Tengeneza /etc/systemd/system/rekodi.service:

[Unit]
Description=Rekodi ya miksa
StartLimitIntervalSec=0
RequiresMountsFor=/mnt/rekodi

[Service]
ExecStart=/usr/local/bin/rekodi.sh
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha sudo systemctl daemon-reload halafu sudo systemctl enable --now rekodi. Kinachotokea ni rahisi sana na ndo maana nakipenda. Kila sekunde tano inajaribu. Miksa haipo, inatoka, inasubiri, inajaribu tena. Miksa ikiwaka tu, ndani ya sekunde tano rekodi inakimbia. Ukizima miksa arecord inakufa kwa sababu kadi imepotea, systemd inarudi kwenye kujaribu. Mtu akikanyaga waya wa USB ukachomoka na kurudi, unapoteza sekunde chache tu na folda jipya linaanza. StartLimitIntervalSec=0 usiiache, bila hiyo systemd ikiona kitu kimefeli mara nyingi kwa haraka inakata tamaa na haijaribu tena. RequiresMountsFor nayo ina kazi yake: kama SSD haijachomekwa, /mnt/rekodi inabaki kuwa folda tupu ndani ya microSD na rekodi yako ingeenda kujaza hiyo bila wewe kujua, sasa itagoma kuanza. SSD iandike kwenye /etc/fstab (orodha ya diski ambazo Pi inazifungua ikiwaka) kwa UUID yake, namba yake ya utambulisho, na uongeze nofail ili Pi iwake hata kama diski haipo.

Saa ya Pi usiisahau. Pi 4 na za nyuma hazina saa yenye betri, na Pi 5 inayo ila betri yake unainunua pembeni. Ukienda ukumbi usio na intaneti Pi inaamka ikiamini bado ni siku ile uliyoizima, folda zinapewa tarehe za uongo. Kamoduli ka saa ka DS3231 kanamaliza hilo tatizo.

Mpaka hapo inarekodi. Lakini utajuaje kama inarekodi kweli? Hili lilinisumbua kuliko yote, manake mfumo usio na kitufe hauna taa pia, na nilikuwa kila dakika kumi nachungulia simu kwa SSH (kuingia kwenye Pi kwa mbali) badala ya kuangalia jukwaa. Dawa nikaipata kwenye miksa yenyewe. X32 inasikiliza amri za OSC, lugha ya kuiamuru miksa kupitia mtandao (sio ule waya wa USB), kwa UDP poti 10023 (XR18 ni 10024), na kati ya vitu unavyoweza kubadilisha ni jina na rangi ya kile kiskrini kidogo juu ya kila feda. Kwa hiyo chukua chaneli ambayo huitumii, mi natumia ya 32 (ya kwenye miksa, sio ile ya kwenye rekodi yenye main), ipe jina REC, afu skripti ndogo ya Python kila sekunde kumi inaangalia lile faili jipya kabisa kwenye /mnt/rekodi: limekua tangu mara ya mwisho au halijakua? Likiwa limekua tuma /ch/32/config/color na namba 2, hiyo ni kijani. Halijakua tuma 1, nyekundu. Tuma kila mara hata kama rangi haijabadilika, kwa sababu ukiita sini nyingine (mpangilio uliohifadhiwa kwenye miksa) inaweza kufuta ulichoandika. Angalia ukubwa wa faili, usiangalie kama programu iko hai. Programu inaweza kuwa hai na diski imejaa, faili linalokua halidanganyi.

Siku ya kwanza kuitumia, katikati ya wimbo wa tatu nikashusha macho kwenye feda, kakiskrini kako kijani. Nikarudi kuangalia jukwaa. Sikujua nilikuwa nimebeba wasiwasi mkubwa kiasi gani mpaka pale uliponitoka.

Ukishaingia kwenye OSC ongeza na alama za muda. Ukituma /xremote miksa inaanza kukutumia kila badiliko linalofanyika juu yake, feda ikisogea unajua, maiki ikifunguliwa unajua. Inakutumia kwa sekunde kumi tu halafu inanyamaza, kwa hiyo itume tena kila sekunde nane au tisa. Skripti ikiona /ch/01/mix/on imekuwa 1 inaandika kwenye faili la maandishi saa na neno "mshereheshaji kafungua", ikiwa 0 inaandika kafunga. Mwisho wa usiku una orodha ya kila aliyeongea na dakika aliyoanza, huhangaiki kusikiliza saa nne kutafuta hotuba moja. Mitego miwili itakupata hapa. Miksa inajibu kwenye poti ileile uliyotumia kutuma, kwa hiyo tuma na upokee kwa soketi moja, ukifungua nyingine ya kusikiliza utasubiri mpaka kesho. Wa pili ni kwamba maandishi ya OSC lazima yajazwe baiti za sifuri mpaka urefu ugawanyike kwa 4, na angalau sifuri moja iwepo, hivyo /xremote yenye herufi 8 inakuwa baiti 12 (s ni hiyo soketi, ip ni anwani ya miksa kwenye mtandao):

s.sendto(b"/xremote\0\0\0\0", (ip, 10023))

Asubuhi yake kazi inabaki ndogo. Kwanza soma logi:

journalctl -u rekodi | grep overrun

Overrun ni pale kompyuta inaposhindwa kuandika kwa wakati na sauti inapotea. Ikitoka tupu, hakuna tundu la aina hiyo. Ikitoka na mistari, diski au waya ndo wa kushukiwa, na mara nyingi ni mtu aliyeweka habu ya USB katikati, miksa ichomeke moja kwa moja. Kisha kupata main ya haraka kwa kila kipande ni sox ingizo.wav -b 24 main.wav remix 31 32, na kutoa chaneli moja pekee ni remix 1, remix 2 na kuendelea, weka kwenye lupu ya bash ikimbie usiku. Usijaribu kulibana faili la chaneli 32 kwa FLAC, FLAC mwisho wake ni chaneli 8, zitenganishe kwanza ndo uzibane, utaokoa nafasi nyingi hasa chaneli ambazo muda mwingi zilikuwa kimya. Mafaili mabichi mi nayaacha siku 30 kisha yanajifuta, amri ya find yenye -mtime +30 inatosha, ila iweke kwenye folda la rekodi peke yake na uijaribu kwanza bila -delete uone itagusa nini.

Kama shoo ni kubwa na hairudiwi, usitegemee mashine moja. X32 yenye kadi ya X-LIVE inarekodi chaneli 32 kwenye kadi mbili za SD huku USB ikiendelea kufanya kazi, mbili za gigabaiti 32 zinakufikisha karibu saa tatu, na ina nafasi ya betri ndogo ya kufunga faili umeme ukikata. Hiyo utaibonyeza kwa mkono, sawa, ni ya akiba. Na UPS ndogo kwa Pi na miksa pamoja, sio Pi peke yake, kwa sababu miksa ikizima hakuna cha kurekodi.

Kuna jambo la watu pia na naomba ulichukulie kwa uzito. Nimesema sauti inachukuliwa kabla ya myuti. Maana yake msemaji aliyevaa maiki ya kifuani, wewe umemyuti, yeye anajua hasikiki, ametoka nje kuongea na simu mambo ya nyumbani kwake, na yote hayo yameingia kwenye SSD. Mfumo huu unarekodi kuanzia miksa inawaka, saundi cheki, mabishano ya bendi, maombi ya nyuma ya jukwaa, kila kitu. Waambie watu kabla ya kuwavalisha maiki kwamba rekodi inaendelea muda wote. Na kwa chaneli za maiki za kifuani, tumia zile alama za muda, skripti ikate na kufuta kila sehemu ambayo chaneli ilikuwa imefungwa kabla hujampa mtu mwingine faili. Mi siku hizi hiyo skripti ndo inakimbia ya kwanza kabisa, hata kabla ya main, na kipande kibichi cha chaneli hizo sikimpi mtu yeyote hata akiwa ndo mwenye shughuli.

Jaribu yote nyumbani kwanza. Washa miksa, subiri kijani, chomoa USB uone nyekundu inakuja, rudisha. Chomoa SSD. Zima umeme kabisa katikati ya rekodi kisha jaribu kulifungua faili la mwisho. Iache ikimbie saa sita mfululizo na usome logi. Ikipita hapo, ibebe.